R6 ya Japani au R15 mpya kwa safari za kila siku Tanga?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Pongwe na kazi yangu iko jirani na bandari ya Tanga, kwa hiyo kila siku ya kazi naenda na kurudi kwa pikipiki. Sasa hivi naendesha Boxer ya cc 100. Tangu utotoni nimezipenda pikipiki za spoti na nashukuru Mungu akiba imefika. Mbele yangu ziko mbili: Yamaha R6 iliyotumika, iliyotoka Japani, inauzwa na mtu wa Dar es Salaam, na Yamaha R15 ambayo ni mpya. Bei zake hazipishani sana. Rafiki zangu wanasema injini kubwa haichoki, maana mjini haitumii hata robo ya nguvu yake, na kwamba nikiiendesha taratibu itakuwa tulivu kama pikipiki nyingine yoyote, tena tairi lake pana litashika barabara vizuri zaidi wakati wa masika. Baba yangu anasema spoti zote ni za kufia, niachane nazo kabisa. Mimi ni mfupi kiasi, sentimita 164, na mara mbili au tatu kwa wiki humbeba mke wangu, ambaye huvaa baibui na hukaa kwa upande. Nichukue ipi, au niziache zote?"

Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kueleza mambo ambayo wengi huyasahau wanapouliza swali la aina hii: unakaa wapi, unafanya kazi wapi, kimo chako ni kipi na unambeba nani. Nikikuelewa vizuri, hofu yako si ya pesa. Unaogopa kununua kitu ulichokipenda miaka mingi kisha kikakushinda katika safari ya kawaida ya asubuhi, na unaogopa pia kwamba huenda baba yako yuko sahihi. Nitasema msimamo wangu mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi. R6 usiichukue kwa kazi hii. R15 inafaa, lakini kwa masharti, na sharti kubwa linahusu namna mkeo anavyokaa. Iko pia ya tatu ambayo hukuitaja, nayo ningekuomba uipande kabla hujamlipa mtu yeyote.

Nianze na hoja ya rafiki zako kwamba injini kubwa haichoki, kwa sababu ndiyo inayowaponza vijana wengi. Nguvu ya injini ni zao la vitu viwili: jinsi inavyovuta katika kila mzunguko, na mizunguko mingapi inaipiga kwa dakika. R6 ina silinda nne zenye jumla ya cc 599 na hutoa zaidi ya nguvu farasi 110, ambazo haizitoi kwa kuvuta sana bali kwa kuzunguka kwa kasi kubwa mno. Mvuto wake hufika kilele kwenye mizunguko 10,500 hivi kwa dakika, na nguvu yake hufika kilele karibu na mizunguko 14,500. Kila kitu ndani yake, kuanzia umbo la valvu hadi upana wa njia za hewa, kimepangwa kwa ajili ya eneo hilo la juu. Gia zake nazo zimepangwa kwa uwanja wa mashindano, kiasi kwamba gia ya kwanza peke yake inaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa.

Sasa iweke pikipiki hiyo katika njia yako. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kuanzia Kange hadi kuvuka Ngamiani hata hizo 50 mara nyingi huzipati, kwa sababu ya daladala zinazoingia na kutoka vituoni, bajaji, baiskeli na watu wanaovuka. Maana yake ni kwamba utaishi kwenye mizunguko 3,000 au 4,000, sehemu ambayo injini ile haikutengenezwa kuipenda. Kwa kuwa gia ya kwanza ni ndefu, mwendo wa kutembea kwa miguu nyuma ya bajaji hauwezi kushikiliwa na gia peke yake, na utalazimika kushika klachi nusunusu kwa nusu dakika hadi dakika nzima. Klachi ya pikipiki hizi ni sahani nyembamba zinazooga ndani ya oili ileile ya injini. Ukizisugua namna hiyo kila asubuhi na kila jioni, sahani zinachomeka, oili inapata joto na kupoteza uzito wake, na vumbi la sahani linazunguka ndani ya injini. Pistoni hazitachoka, hapo rafiki zako wamesema kweli. Kitakachochoka ni klachi, betri na mfumo wa kupoza, navyo ndivyo vitakavyokupeleka kwa fundi.

Joto nalo linahitaji maelezo, hasa kwa mtu wa pwani. R6 na R15 zote zinapozwa kwa maji, na maji hayo hupozwa na hewa inayopita kwenye rejeta. Ukiwa mwendoni hewa inatosha. Ukisimama, hewa inakatika, joto la maji linapita nyuzi 100 hivi, na hapo feni inawaka. Injini haitakufa kwa sababu hiyo, kwa kuwa maji yaliyofungiwa kwa presha na kuchanganywa na kipozezi chake hayachemki kwenye nyuzi 100. Lakini tofauti iko katika kiasi cha joto. Injini ya cc 599 inatoa joto jingi hata ikiwa imetulia, na feni huusukuma upepo huo wa moto kwenye mapaja na miundi ya miguu yako, wakati wewe umevaa suruali ya kazi na hewa ya Tanga yenyewe ina unyevu usiokausha jasho. R15 ina silinda moja ya cc 155 na joto lake ni la kuvumilika. Kwa yoyote utakayoichukua, usijaze maji ya bomba kwenye rejeta. Chumvi na madini yake hujenga magamba na kula alumini kwa ndani.

Mafuta nitayapitia haraka. Pikipiki ya cc 600 yenye silinda nne ikitumika mjini hupata kilomita 15 hadi 18 kwa lita, na R15 ikiendeshwa kwa utulivu hufika 40. Safari yako ya kwenda na kurudi haifiki kilomita 40, kwa hiyo R6 itakula lita mbili hivi kila siku pale ambapo R15 itakula lita moja au pungufu. Zidisha kwa siku zako za kazi kwa bei ya kituo chako, utaona mwenyewe. Kubwa kuliko kiasi ni usafi wa mafuta: injini hizi zote mbili zina mgandamizo mkubwa na zinapuliza mafuta kupitia matundu madogo sana, kwa hiyo sahau kabisa mafuta ya chupa za barabarani. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo unapopandisha mwendo, hama kituo.

Hoja ya pili ya rafiki zako, kwamba ukiiendesha taratibu itatulia kama pikipiki nyingine, ni kinyume kabisa cha ukweli, na naomba uisome sehemu hii kwa makini kwa sababu inaigusa R15 pia. Kwenye pikipiki ya spoti mikono ya usukani iko chini na mbele, na vikanyagio viko juu na nyuma. Umbo hilo linamlaza dereva juu ya tangi. Kwenye mwendo mkubwa, kilomita 90 au 100 kwa saa, upepo unakigonga kifua na kukibeba, na mikono inakuwa haina uzito wowote. Kwenye kilomita 30 upepo huo haupo. Uzito wa kichwa, mabega na kifua unashuka wote kwenye vifundo vya mikono, kama mtu aliyeinamia mkokoteni uliokwama, na kila shimo unalopita linagonga hapohapo. Kwa hiyo kadiri unavyoiendesha taratibu ndivyo inavyokuumiza zaidi. R6 imelaza zaidi. R15 inalaza kidogo kuliko R6 lakini bado inalaza, na dereva aliyezoea Boxer, aliyekaa wima kama yuko kwenye kiti cha barazani, huiona tofauti hiyo tangu wiki ya kwanza.

Ongeza juu yake mambo ya uzito na kimo. R6 ina kilo zipatazo 190 na siti yake iko sentimita 85 kutoka chini. R15 ina kilo 142 hivi, na siti yake iko sentimita 81.5. Kwa urefu wako, kwenye R6 utasimama kwa ncha za vidole, mguu mmoja ukiwa hewani, na usukani wake haukati kona vizuri, kwa hiyo kuigeuza kwenye kichochoro cha Ngamiani kutakuwa ni kazi ya kusukuma mbele na kurudisha nyuma. Pikipiki za spoti haziangukii kwenye mwendo peke yake. Zinaanguka hata zikiwa zimesimama, kwenye mteremko mdogo au changarawe, mguu ukikosa pa kukanyaga, na kava moja la ubavuni likipasuka unalitafuta kwa miezi. R15 utaigusa ardhi kwa mbele ya nyayo zote mbili, kiasi kinachotosha kwa pikipiki nyepesi. Lakini usiamini namba zangu kuliko miguu yako: siti nyembamba mbele humshusha mtu kuliko siti pana yenye kimo hichohicho, kwa hiyo nenda ukaipande ukiwa umevaa viatu vyako vya kazi.

Matuta nayo yana lake. Chini ya tumbo la R6 kuna nafasi ya sentimita 13 hivi, na shokapu zake zimekazwa kwa lami laini. Ukiwa na abiria nyuma nafasi hiyo inapungua, na kinachotangulia kugonga tuta lililojengwa bila kipimo ni mabomba ya ekzosi yanayopita chini ya injini. R15 ina sentimita 17. Tofauti ya sentimita nne inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye tuta ndiyo inayoamua kama utapita moja kwa moja au utapita kwa mshazari huku magari yakikupigia honi.

Kuhusu tairi pana na masika, nieleze taratibu kidogo kwa kuwa kosa hili ni la hatari. Tairi pana kwenye pikipiki ya cc 600 limewekwa pale kwa ajili ya nguvu nyingi na kwa ajili ya kulala kwenye kona kwa mwendo mkubwa. Kiasi cha mpira kinachogusa lami wakati pikipiki imesimama wima kinategemea zaidi uzito na upepo wa tairi kuliko upana wake. Mpira wa tairi hizi huwa unahitaji kupata joto ili ushike, na safari fupi ya mjini kwenye mvua haiupi joto hilo. Michirizi yake ni michache. Maji yakikusanyika barabarani, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, kwa sababu uzito uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Na kwa mwendo wetu wa mjini maji yenyewe si adui mkubwa. Adui ni mvua ya kwanza baada ya ukame, inapoinua oili na vumbi vilivyolala kwenye lami. Ni mchanga unaoteremshwa na maji kutoka barabara za pembeni hadi kwenye kona. Ni rangi nyeupe ya vivuko. Na kwako wewe hasa ni vyuma vya reli inayoelekea bandarini. Reli iliyolowa haina mshiko kwa tairi lolote, liwe pana au jembamba. Ivuke ikiwa imekaa mraba mbele yako, pikipiki ikiwa wima, bila breki na bila kuongeza mafuta mpaka gurudumu la nyuma limeshapita.

Kinachokulinda kwenye mvua ni breki, tena breki unazozijua. Ulikotoka, kwenye Boxer, umezoea kuvuta breki ya mbele kwa nguvu ndipo ikujibu. R6 ina diski mbili mbele na hujibu kwa kidole kimoja, na mkono uliozoea kubana ukishtushwa na mtoto anayevuka utabana vilevile. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye lami iliyolowa, dereva anaanguka kabla hajajua. Kifaa cha ABS huzuia hilo kwa kupima kasi ya gurudumu na kulegeza breki kwa sehemu ndogo ya sekunde kila linapotaka kujifunga, kisha kuikaza tena. R6 ilipewa ABS kuanzia toleo la mwaka 2017, kwa hiyo kama hiyo ya Dar es Salaam ni ya zamani kuliko hapo, haina. Kwa R15 jibu linategemea ilikotengenezewa. India imelazimisha ABS kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 tangu Aprili 2019, lakini matoleo ya nchi nyingine yanaweza kuuzwa bila hiyo. Angalia karibu na kitovu cha gurudumu la mbele: utaona duara la chuma lenye matundu madogo, tofauti na diski ya breki, na waya mwembamba unaoishia pembeni yake. Kisha washa switchi, taa ya ABS iwake, halafu izimike ukishaanza kutembea. Kama havipo, hiyo si unayoitaka, hata ikiwa rangi yake imekupendeza.

Hapa ndipo ninapotaka kumjibu baba yako, kwa heshima zote. Anachokiona ni kweli: vijana wanapewa pikipiki yenye nguvu mara kumi na zaidi ya ile waliyojifunzia, na wanakufa. Kuhusu R6 na hatua unayotaka kuruka, mimi na yeye tuna neno moja. Lakini R15 ina nguvu farasi 18 hivi, wakati bodaboda ya cc 150 inayopita mbele ya nyumba yake kila siku ina 12 hivi. Jina la spoti limezichanganya pikipiki mbili ambazo hazilingani hata kidogo. R15 yenye ABS, taa nzuri na tairi zinazoshika ni pikipiki salama kuliko Boxer yako yenye breki za ngoma, ilimradi anayeiendesha haitumii kuthibitisha kitu kwa watu. Mweleze hivyo, na umweleze pia kwamba ajali za mjini hutokea zaidi kwenye makutano, pale bajaji inapokata mbele yako bila ishara, jambo ambalo halijali umepanda pikipiki gani.

Sasa mkeo, na hapa nakuomba usipaharakishe. Siti ya nyuma ya pikipiki za spoti ni ndogo na iko juu kuliko ya dereva. Abiria anayekaa kwa upande hana pa kuweka miguu yote miwili, hana pa kushika isipokuwa wewe, na ukifunga breki anateleza mbele na kukusukuma juu ya tangi. Uzito wake wote uko juu na nyuma, na umeegemea upande mmoja, kwa hiyo usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inavuta kwenda upande aliokaa. Hilo ni la mizani. La pili ni la nguo. Baibui, kanga au mtandio unaoning'inia karibu na gurudumu la nyuma unaweza kunaswa na spoki, cheni au sproketi, na ukinaswa unavutwa kwa kasi ya gurudumu. Ajali hiyo inamng'oa abiria kwenye siti, na mtandio ukiwa shingoni matokeo yake ni mabaya mno. Watengenezaji wa India wanaijua hatari hii kwa sababu ya sari, na sheria ya huko inawataka waweke kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma na mahali pa kushika kwa abiria. Ndiyo maana Boxer yako ina kile kizuizi kilichofungwa ubavuni mwa gurudumu, ambacho vijana wengi hukifungua wakidhani ni pambo. R6 haina kitu cha namna hiyo. R15 ya India huja na kinga, na ukikuta imefunguliwa, idai.

Ushauri wangu kwake ni huu: akae kwa kutanua miguu, miguu yote ikiwa kwenye vikanyagio, avae suruali pana chini ya baibui, na baibui likusanywe na kukaliwa, mtandio ukiingizwa ndani ya nguo. Najua si kila mke atakubali, na sina mamlaka ya kumwamulia mtu sitara yake. Lakini kama jibu lake ni kwamba atakaa kwa upande daima, basi pikipiki yoyote ya spoti, hata R15, si ya kumbebea yeye. Hapo mna njia mbili za haki: ubaki na Boxer kwa siku zake, au apande bajaji siku hizo na wewe uende peke yako.

Na ile ya tatu niliyoitaja? Ni Yamaha MT-15. Injini yake ni ileile ya R15, cc 155 yenye valvu zinazobadilisha mpangilio mizunguko ikipanda, ndiyo maana huvuta chini bila kuishiwa juu. Kilichobadilika ni makava yaliyoondolewa na usukani uliopanuliwa na kuinuliwa. Mgongo unakaa karibu na wima, vifundo vya mikono vinapumua, na unaona barabara iliyo mbele yako kwa urahisi zaidi. Utapoteza umbo unalolipenda, nami sitajifanya kwamba hilo ni dogo, kwa kuwa mtu huitunza vizuri pikipiki anayoigeukia kuitazama akishaiegesha. Zipo pia Bajaj Pulsar NS200 na TVS Apache, ambazo zina roho ya spoti na usukani wa kibinadamu, na faida yake kubwa ni kwamba zinatoka kwa kampuni zilezile ambazo bodaboda zetu zinatoka, kwa hiyo fundi na vipuri huwa karibu zaidi. Uliza tairi, pedi za breki, kebo ya klachi na cheni za pikipiki unayoitaka kwenye maduka ya vipuri ya Ngamiani kabla hujainunua. Vitu hivyo vinne ndivyo vitakavyoisha mapema. Kama vyote ni vya kuagiza Dar es Salaam, jua kwamba kuna siku utaiegesha ukisubiri basi lilete boksi.

Kama moyo bado uko kwa R6, angalau usiinunue kwa picha za simu. Nenda na fundi unayemwamini, asiye na uhusiano na muuzaji, na muikute injini ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika inaficha mengi. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la miaka saba, hata likiwa na michirizi mizima, mpira wake umeshakauka. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, utazame vile vijipande vya chuma kwenye fremu vinavyouzuia usizidi. Vikiwa vimebondeka, vimepasuka au vimechomelewa, pikipiki hiyo iligonga kitu kwa mbele. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya usajili, na umiliki mkauhakikishe TRA kabla pesa haijatoka mkononi, si baada.

Upande wa leseni, itazame yako leo. Daraja A1 linakuruhusu pikipiki zisizozidi cc 125, linalotosha kwa Boxer yako. R15, MT-15 na zote nilizozitaja zinahitaji daraja A. Bima inaweza kukataa kulipa ikiwa dereva hakuwa na daraja sahihi, na kwa pikipiki ya thamani hii mimi ningechukua bima kubwa badala ya kuishia kwenye ile ndogo, ambayo humlipa uliyemgonga na kukuacha wewe mikono mitupu.

Utunzaji wake si mgumu, ila hewa ya bahari haisamehe. Cheni za pikipiki nyingi za aina hii zina vipira vidogo vya kuziba kati ya pingili, na petroli huvikausha. Zisafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ufute, kisha upake mafuta ya cheni kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi wakati wa mvua. Ile oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi huipaka kwenye cheni, imebeba unga wa chuma na inasaga badala ya kulainisha. Oili ya injini inunuliwe ile yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Oili ya gari inaweza kuwa na dawa za kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi yako inaoga humohumo, itaanza kuteleza.

Kabla ya kulipa, omba kuipanda pikipiki kwa muda usiopungua nusu saa katika msongamano, pamoja na mkeo ikiwezekana, si kuzunguka uwanja wa duka. Siku utakayoichukua, tafuta mkufunzi wa shule ya udereva aliye na uzoefu wa pikipiki zenye diski, mkafanye mazoezi ya breki ya ghafla kwenye uwanja mtupu, kwanza pakavu kisha palipomwagiwa maji, hadi mkono wako usahau breki za Boxer. Na katika mwezi wa kwanza, maumivu ya shingo na mikono yanayoisha baada ya kulala ni mazoea ya kawaida. Vidole vikianza kufa ganzi, hasa gumba, cha shahada na cha kati, au ganzi ikikuamsha usiku, usiendelee kuvumilia ukisubiri mwili uzoee: huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ukiachwa muda mrefu mkono unaweza kupoteza nguvu. Nenda Hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu nawe, umweleze daktari kwamba unaendesha pikipiki yenye usukani wa chini, na uiegeshe mpaka akuambie.